Leo nimejifanya mwindaji wa nyati

Hivi kusema "sijui" kunauma wapi?

Nilikuwa Zhanxi, soko la nguo huku China, na mteja mpya, mzee kutoka Alaska. Anatafuta makoti ya mvua ya wawindaji, na mimi ndiye wakala wake. Ili tuzoeane, nikamwambia kwetu Tanzania nimewinda sana nyati.

Jamani, mimi ni mtoto wa Mwanza mjini. Hata njiwa sijawahi kumpiga kwa manati.

Mzee akachangamka. Akaniuliza: kwa bunduki kubwa, kwenye pori la dubu, mtu abebe risasi laini inayopasuka haraka, au ile ngumu inayozama ndani?

Mnatujua mawakala wa huku. Mchina akiwa hana kitu anasema "mei you", hakuna, na maisha yanaendelea. Sisi kila kitu kipo, kila kitu tunakijua.

"Laini," nikasema. Tena kwa sauti nzito.

Akapiga simu papo hapo. "Mdogo wangu, badilisha zile risasi. Niko na mtaalamu wa nyati hapa." Kisha akanigeukia: "Kesho anaingia porini peke yake."

Nikamshika mkono.

"Mzee, mwambie asibadilishe. Nimekudanganya. Sijawahi hata kushika bunduki."

Akamweleza mdogo wake, akakata simu. Hakufoka, bora angefoka. Alichukua koti moja nililomsifia asubuhi nzima, akaligeuza, akaniuliza polepole:

"Na hili, kweli halipitishi maji?"

Nyie mngemjibu nini? Semeni.