Bomba Moja, Nyumba Sita

Nimekula wali katika miji mingi, lakini ni Kindu tu nilikopewa kipande cha jani la mgomba pamoja na kijiko. Alinipa Mwavita, mjane wa fundi wa reli, mwaka 1976.

Mwavita aliuza wali na sombe, yaani kisamvu cha mawese, uani mwake, katika nyumba ya sita na ya mwisho ya safu inayoteremka kuelekea mtoni. Nyumba zote sita zilijengwa zamani zikiwa na bomba moja la maji machafu chini yake, na mbele ya kila mlango kuna kifuniko cha saruji. Kilichoingia kwa jirani wa kwanza kilipita kwa wote, mpaka kwa Mwavita.

Miezi michache kabla sijafika, asubuhi ya Alhamisi, kifuniko chake kiliinuka chenyewe. Maji meusi yalitapakaa mpaka kwenye mafiga. Wateja wakaondoka na njaa yao. Bulaimu, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, akaja ameziba pua kwa kofia.

"Sitwayeni Mwavita," alisema, yaani raia, maana ndivyo serikali ilivyotaka watu waitane miaka ile, "bomba imeziba kwako. Hii uchafu njo mawese yako. Jumamosi nikikuta ingali hivi, nafunga jiko."

"Shefu, nyumba iko sita, halafu uchafu yote ya Mwavita? Basi mimi nakula kama tembo!"

Bulaimu alicheka, lakini neno lake halikubadilika. Na jiko lile ndilo lililowalisha Mwavita na watoto wake watatu.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya usafi: kila mtu mlangoni pake na ufagio, shefu akipita kukagua. Kabla hajafika, Mwavita alikuwa ameshainua kifuniko na kuingiza ufito mrefu wa kekele, ile wanayosukia viti. Akasukuma, akazungusha, akavuta. Majirani wakasogea. Kitu kikalegea, maji yakashuka kwa kishindo, naye akatoa mabonge kwa jembe na kuyapanga juu ya jani la mgomba kama samaki wa kuuza. Shefu alipofika, Mwavita akapasua moja. Lilikuwa gumu kama tofali.

"Angalieni. Hii mafuta iliyoganda njo yangu. Namwaga maji ya sufuria humu, nakubali mbele yenu. Lakini mchanga? Uwanja wangu iko saruji. Na hizi njiti za ufagio? Na hili tambara?"

Watu waligeuka kumtazama Halima wa nyumba ya pili, yule ambaye uwanja wake shefu aliusifu kila Jumamosi. Kifuniko chake kilikuwa wazi, na rundo la mchanga na majani lilikuwa ukingoni, likingoja ufagio.

"Musiniangalie hivyo!" Halima alifoka. "Wote tunafanya. Shefu anataka uwanja ing'ae. Taka iende wapi, mfukoni mwake?"

Bulaimu akavaa kofia, akaivua tena.

"Iende shimoni, nyuma ya migomba," Mwavita alijibu. Kisha akaendelea kana kwamba yeye ndiye shefu. Sufuria ifutwe kwa jani kabla ya kuoshwa. Mchanga wa kusugulia ubaki katika beseni, umwagwe shambani. Mawese yaliyotumika yatiwe koponi, yaletwe kwake ayapike sabuni kwa maji ya majivu. Matambara yachomwe. Na siku ya salongo kifuniko hakiinuliwi bila shefu kuwapo.

"Na jiko?" Halima akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

Wote wakamtazama Bulaimu. Yeye akatazama bomba, ambamo maji yalikuwa yakipita bila kelele.

"Sombe imeiva?" akauliza.

Mwavita akampakulia. Alikula amesimama, akamaliza, akanyoosha sahani irudishwe. Mwavita hakuipokea. Alimpa jani.

Shefu akafuta sahani yake mwenyewe, mbele ya nyumba zote sita.