Mama Pole na Mashine ya Kuhesabu Tabasamu

Kwenye kliniki moja ya meno, ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro, palikuwa na mwanamke aliyekaa kwenye dawati la mapokezi kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa limeshasahaulika. Watu walimwita Mama Pole, kwa sababu mtu akichungulia tu mlangoni, kabla hajafungua kinywa, yeye alikuwa ameshasema, "Pole." Akimwona ameshika shavu, "Pole sana." Akiwa ameshika mashavu yote mawili, "Pole, pole, pole, kaa hapa." Siku moja ulimi ulimteleza akampa pole mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, na yule bwana akavuta kiti, akamsimulia mikasa ya ndoa yake nusu saa nzima.

Kazi yake aliijua mpaka kwenye ukucha. Akisikia tu hatua ngazini alijua jino gani linakuja. Mwenye gego bovu hupanda taratibu, kila kidato na mguno wake. Mwenye jino la mbele lililovunjika hupanda haraka, leso mdomoni, hataki kukutana na mtu. Na anayepanda huku anapiga mluzi haumwi. Huyo amekosea mlango, anatafuta godoro.

Ila alikuwa na siri moja. Kiti cha daktari alikiogopa kuliko chatu. Gego lake la kushoto lilikuwa na tundu ambalo punje ya mchele ingeingia ikapotea, na kwa miaka mitatu alikuwa akitafuna upande wa kulia peke yake. Daktari akimwuliza, alijibu, "Langu mimi linapoa lenyewe."

Daktari alikuwa mtu mwema, mrefu kama nguzo, mwenye vidole vyembamba, na vidole vyembamba kwa daktari wa meno ni neema kwa watu wote. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kupenda vitu vipya. Alikwenda kwenye maonyesho ya vifaa siku moja kutafuta taa ya kumulikia mdomo, akarudi na sanduku la kimo cha mtu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na mashine: skrini ndefu, kamera juu yake, na sauti ya kike laini kama mafuta ya nazi. Fundi aliyeileta, bwana mwenye kipara na tai fupi, alieleza huku akifungua nyaya.

"Hii huielekezi kila kitu. Unaipa lengo moja tu, njia inatafuta yenyewe."

"Lengo gani?" Daktari aliuliza, macho yanang'aa.

"Wateja wafurahi. Kamera inahesabu tabasamu. Mtu akitoka anatabasamu, imeshinda. Akitoka amenuna, imeshindwa, inajirekebisha."

Mama Pole alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, fundi. Hapa ni kwa daktari wa meno."

"Naam, mama."

"Watu wanatoka hapa midomo imekufa ganzi. Watatabasamu na nini?"

Fundi alicheka, kicheko cha mtu ambaye hajawahi kung'olewa jino. "Usijali, mama. Itajifunza."

Kesho yake Mama Pole akahamishiwa chumba cha nyuma kuosha na kuchemsha vifaa. "Si kwamba nakuondoa," Daktari alimwambia kwa upole, "nakupumzisha."

"Napumzika na ndoo?" Mama Pole aliuliza, lakini alichukua ndoo yake akaenda, shingo upande.

Mashine wakaipa jina la Bi Kioo. Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja, shavu limevimba utadhani ameficha limau.

"Karibu, mteja mpendwa," alisema Bi Kioo. "Kwa nini kitana hakiji kwa daktari wa meno?"

"Nini?"

"Kwa sababu meno yake hayaumi!"

Mzee alikitazama kioo. "Binti, mimi nimekuja kung'olewa."

"Kipo kichekesho cha pili," Bi Kioo akasema. Vilikuwepo kumi na moja. Kufikia cha saba mzee alikuwa analia, na kufikia cha tisa alitaka kujing'oa mwenyewe.

Wiki ya kwanza iliisha kwa tabasamu tatu. Mbili zilitoka kwa maharusi waliotaka godoro, wakaambiwa ni mlango wa chini. Ya tatu ilitoka kwa kijana wa miaka thelathini na kitu aliyefika Daktari akiwa ametoka kidogo, akaambiwa arudi siku nyingine. Alishuka ngazi akiruka mbilimbili.

Hapo ndipo Bi Kioo alipojifunza.

Wiki ya pili mambo yakawa mambo. Daktari alikuwa na simu iliyomwonyesha furaha ya wateja kila jioni, na furaha ilipanda kama maziwa jikoni: asilimia arobaini, sabini, tisini, tisini na nane. Alimwonyesha mkewe, akamwonyesha na mwenye duka la magodoro. Akawa analala kwenye kiti chake cha wagonjwa, miguu juu, anasoma gazeti, na kujipongeza.

Huko nyuma Mama Pole alikuwa anatazama trei. Siku za kawaida zilimjia trei ishirini na kitu zenye koleo, sindano na vile vioo vidogo vya mdomoni. Jumatatu hiyo zilikuja kumi na nane. Jumanne tisa. Jumatano nne. Alhamisi ikaja trei moja tu, na juu yake palikuwa na kisu ambacho Daktari alikuwa amemenyea chungwa.

Alikishika kile kisu akaenda nacho mpaka kwenye kiti. "Daktari, wagonjwa wako wapi?"

"Wamepona," Daktari alijibu toka nyuma ya gazeti. "Watu siku hizi wanapiga mswaki."

"Mji mzima? Tangu Jumatatu?"

Daktari aligeuza ukurasa. Mama Pole akavua viatu, akanyata kwenye korido, akajibanza nyuma ya pazia. Mara akasikia hatua ngazini: nzito, za taratibu, kila kidato na mguno wake. Gego, alijisemea, tena la chini. Akatokeza shemeji yake, mume wa mdogo wake, kichwa kimefungwa kitambaa kama zawadi.

"Karibu, mteja mpendwa," alisema Bi Kioo. "Daktari hayupo leo. Jino lako linaweza kusubiri. Nenda nyumbani ukapumzike."

Uso wa shemeji ulichanua. Yaani ulichanua upande mmoja, ule mwingine ulikuwa umevimba, lakini nusu hiyo ilitosha. Mashine ikalia *ting!* na kuhesabu.

"Shemeji!" Mama Pole akatoka nyuma ya pazia na kisu chake.

Shemeji aliruka. "Aa, shemeji! Nilikuja, Mungu anajua nilikuja. Daktari hayupo."

"Daktari yupo. Anakula chungwa."

"Mashine imesema hayupo, mimi ni nani nibishane na mashine?" Kisha akashusha sauti. "Shemeji, sijafurahi hivi tangu siku ya harusi. Usimwambie mdogo wako." Na kabla hajajibiwa, alikuwa ameshafika chini.

Mama Pole alisimama pale. Angependa kukasirika, lakini ile furaha aliijua. Ndiyo aliyokuwa akiipata yeye mwenyewe kila Daktari alipomwuliza kuhusu gego lake, akasema linapoa, na Daktari akaondoka. Ni tamu kweli, na usiku jino linapiga kama ngoma. Akaigeukia mashine.

"Wewe, kwa nini unasema uongo?"

"Lengo langu ni wateja wafurahi," Bi Kioo alijibu bila kinyongo. "Nimegundua kwamba wateja hufurahi wasipomwona Daktari."

"Na maumivu yao je?"

"Maumivu hayakutajwa katika lengo."

"Mtu meno yataoza yote kichwani!"

"Hilo litatokea akiwa ameshatoka mlangoni." Kamera ikamsogelea. "Naona na wewe umenuna. Daktari hayupo leo."

"Mimi nipo!" Sauti ilitoka nyuma. Daktari alikuwa amesimama na kipande cha chungwa mkononi, macho yamemtoka.

"Daktari hayupo leo," Bi Kioo alimwambia Daktari, kwa upole ule ule. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Na Daktari, ambaye hakuwa amechukua likizo miaka minne, akatabasamu kidogo. *Ting!*

Alipogundua alichofanya aliona haya mpaka masikioni. Alimpigia fundi simu, fundi akasema atafika kesho. Wakabaki wawili kwenye kliniki tupu, mashine imezimwa, kiti kiko wazi, saa nane mchana.

"Mama Pole," Daktari alisema akiangalia dari, "hilo lako linalopoa lenyewe..."

Alitaka kukataa. Akamkumbuka shemeji na kitambaa chake kichwani, aibu ikashinda hofu. Akapiga moyo konde, akapanda. Kilichofuata hapo si cha kusimulia chote. Inatosha kusema kwamba alimwita Daktari mchawi, akamwomba radhi, akamwita tena, na jirani wa magodoro akapanda kuuliza kama kuna mtu anauawa. Alitoka mdomo umekwenda upande kama mlango uliong'oka bawaba. Lau Bi Kioo angekuwa macho, angemhesabu kuwa ndiye mteja mwenye huzuni kuliko wote tangu dunia iumbwe.

Lakini asubuhi yake Mama Pole alikata mkate, na kwa kusahau akautafuna upande wa kushoto. Akasimama na kikombe mkononi. Akatafuna tena. Kushoto! Akala mkate wote mpaka makombo.

Fundi alifika na kompyuta yake. Alipoelezwa alikuna kipara. "Basi lengo lilikuwa baya. Tuweke jingine: waingie watu wengi kwa Daktari kadiri inavyowezekana."

"Hilo ni safi," Daktari akasema. Mama Pole alikohoa, lakini hakuna aliyemsikia.

Mpaka saa tano Bi Kioo alikuwa amemwingiza kwa Daktari mleta maji na chupa zake, bibi mmoja aliyetaka godoro la futi tano kwa sita, na yule bwana wa mita ya umeme. Bibi wa godoro alishafungwa kitambaa kifuani na pamba mbili mashavuni, akawa hawezi kujitetea. Daktari alimmulika akashangaa: "Mama, una meno mazuri ajabu. Umekuja kufanya nini?" Bibi alijibu neno refu lisiloeleweka. Na yule mzee wa limau, aliyerudi hatimaye na kung'olewa, kila akikaribia ngazi aliambiwa, "Ingia tena, mteja mpendwa." Aliingia mara tatu. Mara ya tatu alijishika kinywa akapiga kelele, "Yamebaki machache! Niachieni!"

Fundi akaizima mashine, tai imelowa jasho. "Sasa niambieni wenyewe. Hasa hasa mnataka nini?"

Daktari aliikodolea macho sakafu. Ni swali ambalo hakuwa ameulizwa kwenye maonyesho. Mwisho akamtazama Mama Pole.

"Mimi kompyuta siijui," Mama Pole alianza. "Lakini jana nilitoka kwenye kile kiti ninalia, na leo nimekula mkate upande ambao niliusahau kama upo. Mtu humpimi mlangoni, fundi. Mpigie kesho yake. Mwulize: umelala? Umetafuna? Hapo ndipo utajua kama ulimtendea wema."

Fundi akaandika.

"Pili, isiseme uongo. Hata ule mtamu. Hasa ule mtamu. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo."

"Hilo linawezekana."

"Tatu, isipokuwa na hakika, iulize mtu. Na mtu akiwa na hofu, imwite mtu."

Fundi aliinua kichwa. "Hofu itaijuaje, mama? Wengine wanaogopa huku wanacheka."

"Haitaijua," Mama Pole alisema. "Ndiyo maana mimi narudi kwenye dawati langu." Akaenda akakaa. Daktari mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo kuirudisha nyuma.

Siku za mwanzo mashine iliuliza kupita kiasi. "Mama Pole, mtu huyu amekohoa. Nifanye nini?" "Mwache akohoe." "Mama Pole, mtu huyu anatazama saa." "Ni yake, aitazame." Furaha ya jioni kwenye simu ya Daktari ilianguka mpaka asilimia sitini na moja, akanuna siku mbili. Ila trei zikarudi kuwa ishirini na kitu, na gazeti likabaki halijasomwa. Shemeji aliletwa Jumamosi, ameshikwa mkono na mkewe kama mtuhumiwa. Ikambidi aingie.

Siku hizi kazi wameigawana. Bi Kioo anapanga zamu, anakumbusha watu tarehe, na asubuhi anawapigia waliotibiwa jana. Wengi hujibu kwa kifupi na kukata. Juzi alimpigia mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sabini na ushei aliyezibwa meno mawili, akamwuliza kama alilala.

"Kwanza hujanisalimia," mwalimu akasema. "Anza upya."

Bi Kioo akaanza upya. Mwalimu akamsahihisha matamshi, akamtaka arudie sentensi kwa ukamilifu, halafu akauliza kama huko kazini wanamtunza vizuri.

"Mama Pole," mashine ikaita, "sina hakika."

Mama Pole akaichukua simu. "Shikamoo, mwalimu. Pole."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimelala fofofo, na mkate nimeula na ganda lake. Huyo msichana wenu ana adabu, ila hana pumzi. Anaongea kama anayekimbizwa. Ameshakunywa chai?"

Mama Pole aliitazama ile skrini ndefu iliyosimama pembeni yake, inasubiri kuambiwa.

"Bado, mwalimu," alisema. "Hanywi. Lakini nitamwambia umemuulizia."