Kifuniko cha Lenzi

Harufu ya benzini ya kujazia kiberiti cha chuma ikichanganyika na ya maua ya langilangi hunirudisha Hell-Ville, kwenye chumba ambacho Baba alikitia giza saa sita mchana.

Tulihamia mji huo wa kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, miaka ya sabini ikielekea mwisho, Wangazija wengi walipoikimbia Mahajanga baada ya wenzao kuuawa. Mama alibaki kumuuguza dada yake, akasema atatufuata. Alipotuaga mlangoni, Baba alimpiga picha kwa kamera yake kuukuu, ile ya kuchungulia kitunduni na kuzungusha lenzi mpaka sura mbili za mtu zikutane ziwe moja. Shata, vile vibamba vya ndani vya kupitishia mwanga, ikafunguka, isifungike tena. Baba akaiziba lenzi haraka kwa kifuniko chake, mwanga usiunguze filamu.

Mama hakuja. Barua nazo, alisema Baba, hazijafika. Kila jioni Koko, bibi yangu mzaa mama, alimpakulia Mama wali na kuufunika kwa kawa. Asubuhi nilipewa kiporo hicho mimi, nikakila kwa woga.

Baba alikuwa fundi saa. Fundi mwenzake alimshauri aingie gizani, aikate filamu na kuitoa. Koko akakataa, kwa Kingazija chetu cha nyumbani: "Picha ya mtu aliye safarini haikatwi. Utamkatia njia." Ikabidi shata itengenezwe filamu ikiwa ndani.

Sasa niwaungamie. Adhuhuri moja, Baba akiwa msikitini, niliichukua ile kamera chumbani, madirisha yamefungwa. Nilikuwa na miaka saba, na nilielewa hivi: Mama yumo ndani, na jicho liko wazi. Nikakitoa kifuniko, nikamwita mara mbili. Ndani ya kile kioo cheusi kitu kikatikisika. Nikakirudisha kifuniko.

Juma lililofuata Baba alitundika mablanketi madirishani. Kwa kupapasa aliondoa kioo cha mbele, akadondosha benzini kwenye vibamba vya shata, tone baada ya tone. Mimi na Koko tulikaa mkekani. Nilikuwa sioni hata mkono wangu. Kisha tukasikia: tk.

"Amepepesa," Koko akasema taratibu.

Picha iliposafishwa, Mama alikuwa amesimama mlangoni Mahajanga, ameshika ncha ya leso yake. Kifuani pake, hafifu kama mvuke wa chai, ulikuwapo uso wangu, mdomo wazi. Nilijua nimeiharibu. Baba aliitazama, akanitazama mimi kwa muda mrefu, asiseme neno.

Koko ndiye aliyesema. "Amefika. Amemkumbatia mwanawe, amepita." Akalia. Jioni ile hakupakua sahani ya nne, na Ijumaa tukamsomea Mama hitima.

Kwa miaka mingi niliamini Baba alinyamaza ili Koko asinichape. Alipofariki nilikuta barua ndani ya mkoba wa kamera, kutoka kwa dada yake Mama, ikieleza siku ya maziko ya Mama. Ilikuwa imeandikwa miezi mitatu kabla ya benzini ile. Baba alijua muda wote. Alishindwa tu kumwambia Koko, mpaka kifuniko nilichokitoa mimi kikamsemea.