Kitufe cha Kijani Kule Osiri

Neno ninalolichukia kuliko matusi ni "bahati mbaya." Nililisikia hospitalini Migori, nikalisikia kanisani, nikalisikia kinywani mwa mama mkwe wangu, na kila aliyelitamka alinishika bega kana kwamba ananipa zawadi. Mume wangu alikatwa mkono wa kulia hadi juu ya kiwiko, halafu watu wazima wanakuja kuniambia bahati mbaya. Bahati haikuwa na kazi yoyote pale. Palikuwa na kitufe.

Tulikuwa tunafanya kazi Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, mimi na yeye. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo, halafu tunayabeba kichwani kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga. Yeye alikuwa mtu wa mashine. Hiyo mashine ni pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu, linazungushwa na mota ya stima, na ndani yake mna mipira ya chuma inayoyasaga mawe mpaka yawe laini kama unga. Kila mzigo ukiisha, mume wangu alifungua kimlango kidogo ubavuni mwa pipa, akaingiza mkono mpaka begani, akakwangua tope lililoganda ndani. Hakuna njia nyingine ya kulitoa.

Sasa swichi. Ilikuwa imepigiliwa kwenye nguzo kando ya njia tuliyopitia na mizigo, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Ilikuwa na vitufe viwili, chekundu cha kuzima na cha kijani cha kuwasha. Ilipokuwa mpya, kitufe cha kijani kilikuwa kimezungukwa na pete ya plastiki iliyokizidi kimo, kwa hiyo ilibidi mtu adhamirie kuwasha, atie kidole ndani abonyeze. Pete ile ikavunjika. Kitufe kikabaki kimechomoza kama jicho la chura, na juu yake hakuna kifuniko wala kizuizi.

Siku moja mbuzi alijikuna kwenye ile nguzo, mashine ikaanza kunguruma yenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mume wangu hakucheka. Alimwendea mwenye mashine siku hiyohiyo.

"Boss, tuwekee kifuniko pale. Siku moja itawaka na mkono uko ndani."

"Mashine inasaga ama haisagi?" mwenye mashine alimuuliza.

"Inasaga."

"Basi."

Palikuwa na swichi kubwa pia, ile ya kukata stima yote. Lakini ilikuwa ndani ya duka la mwenye mashine, nyuma ya vyuma vya kaunta, na ilikuwa marufuku kuigusa, kwa sababu ukiikata, friji ya soda inazimika na vijana wanaotazama mpira kwenye runinga wanapiga kelele. Niliyajua hayo yote kabla ya kitu chochote kutokea. Sote tuliyajua. Yaliongelewa nyumbani kwangu wakati wa chakula, na mume wangu aliyaongea kwa hasira, kwa sababu mkono ulikuwa wake.

Ilitokea mchana, baada ya mvua. Magunia yalikuwa yamerundikwa njiani ili yasilowe, na njia ikawa nyembamba. Mume wangu alikuwa ameingiza mkono ndani ya pipa, anakwangua, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye rundo langu la mawe, karibu tu. Jirani yangu alikuja na beseni la mawe kichwani, amelishika kwa mikono yote miwili. Huyu alikuwa mwanamke wa Sindo, kule ziwani, ameolewa upande wetu, na sisi wawili tuliitana nyieka, kama wanavyoitana wake walioolewa katika ukoo mmoja. Watoto wake walikula kwangu, wangu walilala kwake. Alipofika kwenye magunia akageuka ubavu ili apite, akajibana kwenye ile nguzo.

Nilisikia mota kwanza, halafu nikasikia sauti ya mume wangu. Sitaieleza sauti hiyo.

Mtu aliruka akapiga kitufe chekundu. Pipa likasimama. Jirani yangu alikuwa bado amesimama palepale, beseni kichwani, anatazama huku na huku.

"Nani amewasha?" akauliza. "Jamani, nani amewasha?"

Hakujua. Nyonga yake ndiyo iliyowasha, na yeye mwenyewe hakuhisi kitu.

Tuliufunga mkono wa mume wangu kwa leso, tukampakia kwenye pikapu iliyokuja kuchukua mchanga, tukamkimbiza Migori. Daktari alikuwa mtu mpole. Aliniambia mkono hauwezi kuokolewa, na kwamba tukichelewa hata yeye mwenyewe hataokolewa. Nikakubali wamkate mkono.

Nilipokuwa hospitalini, maneno yalikuwa yanazunguka huko Osiri. Ilisemwa jirani yangu ametumwa. Ilisemwa ana wivu. Ilisemwa watu wa ziwani wana dawa zao. Watoto wake walifukuzwa kwenye bomba la maji. Siku aliyokuja hospitalini na uji kwenye chupa, wifi yangu alimzuia mlangoni mwa wodi.

"Umekuja kumalizia?" wifi alimwambia.

Jirani aliweka chupa chini akaondoka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda, na nilipofika mlangoni alikuwa ameshateremka ngazi. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema neno juu ya mwenye mashine. Yeye alikuja na mkate na sukari, akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba sala ndefu. Mama mkwe akasema, "Angalia, huyo ni mtu wa Mungu."

Mume wangu aliporudishwa nyumbani, mwenye mashine akaitisha kikao ili mambo yaishe kwa amani. Wazee walikuja, baba mkwe akakaa mbele. Jirani yangu aliketishwa chini, katikati, kama mwizi wa kuku.

"Jaduong', mzee wetu," mwenye mashine alimwambia baba mkwe kwa heshima, "mimi nimeumia kama nyinyi. Lakini mashine haina makosa. Huyu mama alipita bila kuangalia. Aombe msamaha mbele ya watu, arudi kwao kwa muda, hasira zipoe."

"Naomba msamaha," jirani yangu alisema. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Sikujua nimegusa. Naomba msamaha."

Wazee wakaanza kutikisa vichwa kwamba sawa. Mke hakatizi wazee, najua. Nilisimama.

"Baba," nilimwambia baba mkwe, "kabla hamjamaliza, naomba twende wote mpaka kwenye mashine."

"Kufanya nini?"

"Kuna kitu hamjaona."

Akachukua fimbo yake. Tukaenda. Haikuwa mbali, na watu wa njiani wakajiunga na sisi. Mashine ilikuwa imesimama, kitufe cha kijani kimechomoza vilevile, hakuna aliyekirekebisha. Tangu mume wangu aumie, wamesaga mawe hapo, na mtu mwingine anaingiza mkono mlemle. Nilipoona hivyo nilitaka kuokota jiwe nimpige nalo mtu. Badala yake nikafungua kile kimlango.

"Shemeji," nilimwambia mwenye mashine, "ingiza mkono."

Akacheka. "Ya nini?"

"Uone vile baba watoto alikuwa akifanya."

"Nimeona mara nyingi."

"Ukiwa umesimama nje. Ingiza mpaka begani, ukwangue. Mimi nitasimama hapa kwenye swichi. Usiogope, nitaangalia vizuri, sitapita bila kuangalia."

Hakucheka tena. Hata vijana wa runinga walikuwa wametoka dukani.

"Wacha mchezo, mama. Stima iko."

"Najua iko. Mashine haina makosa, si umesema? Ingiza."

"Nimekwambia stima iko! Mtu anaweza kugusa hiyo kitu!"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote!" alifoka. "Mtu yeyote anaweza kugusa!"

Halafu akasikia alichosema. Nilimwona akikisikia. Baba mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa upande wake, alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Umejijibu," baba mkwe alisema. Akageuka, akamtafuta jirani yangu nyuma ya umati, akamwambia, "Nyathina, mwanangu, nenda nyumbani. Huna deni la msamaha kwa mtu."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Kesho yake mwenye mashine alibandika karatasi juu ya swichi, ameichapisha mjini na kuivisha plastiki: HATARI, USIGUSE. Niliibandua mbele yake.

"Nyonga haijui kusoma," nilimwambia. "Kiwiko hakijui kusoma. Mbuzi je, umemfundisha?"

"Wewe mama umekuwa mkali sana."

"Bado hujaniona."

Niliwaendea wanawake wenzangu mmoja mmoja. Niliwaambia tusipeleke mawe pale mpaka swichi ifungiwe. Wengine walikataa, kwa sababu mashine nyingine iko juu ya kilima na mzigo ni mzito, na ninawaelewa. Wengine waliniambia ninataka kulipiza kisasi. Niliwajibu ndiyo, nataka, lakini hata bila kisasi mtu ataingiza mkono mle kesho, na huyo mtu ni mume wa mmoja wenu. Wakaanza kupandisha kilima, wachache, halafu wengi. Pipa likawa linakaa tupu mchana kutwa.

Ndipo mwenye mashine alipomleta fundi kutoka Awendo, mtu aliyezoea mashine za miwa. Fundi aliitoa swichi njiani, akaipeleka upande wa ukuta ambako hakuna anayepita na mzigo. Akaweka kitufe kilichozama ndani ya pete, na juu yake sanduku la chuma lenye mfuniko. Kisha akaweka swichi kubwa ya mashine peke yake, isiyohusiana na friji ya mtu, yenye tundu la kufuli.

"Anayeingiza mkono ndani ndiye anafunga stima hapa," fundi alieleza, "na ufunguo anakaa nao mfukoni mpaka amalize. Asiachie mtu mwingine. Hata boss."

Alianza watoto walipokwenda shule, na kabla ya saa sita alikuwa anakusanya vyombo vyake. Wanawake walipiga makofi, mmoja akapiga kigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya pipa nikalia kwa hasira. Kama ingekuwa kazi kubwa, kama ingehitaji wataalamu kutoka ng'ambo, ningepata pa kuitua hasira yangu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mume wangu alikuwa ameiomba kwa mdomo wake, akaulizwa kama mashine inasaga.

Jirani yangu hakuyaona hayo. Minong'ono haikuwa imekoma, naye alikuwa ameshafungasha, amewachukua wanawe, amerudi kwao Sindo. Kidonda cha mume wangu kilipopona, mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema twende tukamwone. Tulimkuta karibu na ziwa, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Alipomwona mume wangu na mkono wa shati umefungwa fundo, aliingia ndani akafunga mlango.

"Hodi," mume wangu aliita.

Akabisha tena.

"Mama, nimetoka mbali. Nimekuja kula samaki. Unaninyima?"

Alifungua baada ya muda mrefu, macho mekundu. Alipika ngege kwa mchuzi, akasonga ugali. Tulipokaa, mume wangu alianza kula kwa mkono wa kushoto, nasi sote tulilelewa tukichapwa kwa kosa hilo. Samaki akawa anamteleza. Akamsukumia jirani sahani.

"Nitolee miiba," alimwambia. "Hii kazi inataka mikono miwili."

Akamtolea. Machozi yalikuwa yanamdondoka, lakini vidole vyake havikuacha mwiba hata mmoja.

"Nyieka," aliniambia bila kuinua macho, "mimi hata taa ya nyumba siwashi. Naogopa kugusa swichi. Nawaambia watoto wawashe."

Nikamfikiria mwenye mashine, ambaye analala usingizi wake wote, na ambaye mpaka leo hajawahi kumwambia huyu mwanamke pole.

"Mimi nina hasira mpaka sasa," nilimwambia, "na sitaki ipoe. Lakini hasira yangu ina mwenyewe, na si wewe. Haijawahi kuwa wewe."

Alipangusa vidole. Halafu akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Hata mimi nina hasira."

"Sema."

"Nilikuwa nimebeba mawe yake! Kichwani! Na magunia ni yake, yamewekwa njiani na watu wake! Nilitakiwa nipite wapi? Juu ya paa?" Akaipiga meza kwa kiganja mpaka mchuzi ukamwagika. "Halafu nikaketishwa chini kama mbwa!"

Watoto wakachungulia mlangoni. Mume wangu akashika bakuli lake ili lisipinduke.

"Basi mmekuwa wawili," alisema. "Niongezeeni ugali kabla hamjavunja meza."

Tulikaa Sindo mpaka jua likapungua ukali, tunaongea kwa sauti kubwa, yeye akikumbuka hili na mimi nikikumbuka lile. Hakurudi Osiri, na mimi sikumbembeleza arudi.