Siku Nilipozibembeleza Seva na Ofisi Nzima Ikanisikia

Jamani, hii nawasimulia huku nimejifunika uso kwa mtandio, maana mpaka leo nikipita mapokezi nahisi kuna mtu anabana kicheko (pengine hakuna, lakini ndivyo masikio yangu yanavyosikia).

Mimi ni fundi wa mitambo, peke yangu, kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga mjini. Chumba changu ni cha seva, zile kompyuta kuu za ofisi, baridi yake kama jokofu, dirisha hakuna, na anayebisha hodi ujue amepotea, anatafuta choo. Nyumbani Pongwe nako naishi mwenyewe. Basi taratibu nikazoea kuzungumza na mashine. Nikiingia nazisalimu, nazipa habari za mchuzi wangu uliochacha, zenyewe zinanguruma, nami nachukulia kuwa ndiyo nimejibiwa.

Siku hiyo tulikuwa na kabati jipya la diski, na kazi yangu ilikuwa kuliunganisha na seva kwa nyaya za faiba, zile nyembamba zinazopitisha mwanga. Kila seva ina njia mbili za kufikia diski zake. Ukichomoa moja, nyingine inabeba kazi na huko nje hakuna anayejua kitu. Mzee Nassoro, bosi wetu, alikuwa na wageni kwenye chumba cha mikutano, akanipigia.

"Rukia, mwanangu, umefikia wapi?"

"Shikamoo mzee, ndiyo naanza."

"Marahaba. Usikate simu, utuambie ukimaliza."

Nikaiweka simu juu ya kabati ili mikono iwe huru, nikazama kwenye kazi, nikaisahau (wala sikujua kuwa na yeye ameiweka kwenye spika ili wageni wasikie maendeleo, na mlango wa chumba cha mikutano uko wazi kwa ofisi nzima).

Sasa hapo ndipo nilipojiponza: njia ya pili sikuikagua. Nikajiambia itakuwa nzima tu, kwani nani ameigusa? Nikachomoa waya wa njia ya kwanza ili niuhamishie kwenye kabati jipya. Taa zikawa nyekundu safu nzima, seva hazioni diski hata moja, ofisini kompyuta zote zimeganda, madereva wamejaa dirisha la mapokezi wanasubiri karatasi zao, nami badala ya kuurudisha waya kwa utulivu nikauangusha, ukaingia nyuma ya kabati, nikapiga magoti nikawa napapasa huku nalia na kusema maneno ambayo wallahi natamani ardhi ingeyameza:

"Msinifanyie hivi wapenzi wangu! Nyie ndio ndugu zangu. Nikifukuzwa hapa nitaongea na nani mimi? Nyumbani hakuna hata wa kuniuliza nimekula nini!"

Simu ikaitika juu ya kabati, sauti ya Mzee Nassoro, polepole sana: "Rukia... mwanangu, tunakusikia."

Nyuma yake mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha.

Waya niliupata, nikausafisha, nikaurudisha, diski zikaonekana, seva nikaziwasha upya moja moja, na hakuna kilichopotea. Ile njia ya pili nikaikuta imebanwa na mlango wa kabati, imekunjika, mwanga haupiti (tangu lini, Mungu ndiye anajua, maana hakuna mwingine wa kuangalia).

Kutoka ilibidi nitoke. Nilidhani watanicheka, na afadhali wangenicheka. Walikuwa wapole kama watu walio msibani. Bi Mwanaisha wa uhasibu, ambaye tangu niajiriwe tumeishia kwenye salamu, akanivutia kiti.

"Njoo mwaya, leo kuna bada ya muhogo na mchuzi wa pweza, ule na sisi."

"Ahsante Bi Mwanaisha, nimeshiba."

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikarudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikakaa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuziambia zile mashine.

Siku hizi sichomoi waya kabla sijahakikisha mwanga unapita njia zote mbili, na simu naikata kwanza. Hayo mepesi. Nimeapa pia kuwa nikiitwa tena kula, nitakwenda. Ila hawajaniita tena (nadhani waliamini kweli nimeshiba), nami sijui mtu huwa anaanzaje kuomba kiti.