Udongo wa Mageni na Gari Jeusi la Bwana Hasham

Watu wa Ibadakuli wakikwambia kwamba Mageni ng'wana Nkwabi alikuwa mwanamke mkali, usibishane nao. Mimi Serafina niliolewa na mwanawe wa pekee, Maganga, na nakwambia alikuwa mkali kuliko wanavyosema. Alikuwa mfinyanzi. Alifiwa na mume mtoto akiwa bado mgongoni, akakataa kurithiwa na shemeji, akabaki kwenye mji wake akifinyanga vyungu na kuvibeba kichwani mpaka soko la Shinyanga. Vyungu vyake havikuvuja na ulimi wake haukuchoka. Kwa vyungu hivyo alimlea Maganga, hata kijana akachukuliwa vitani, akarudi salama na ufundi wa kuendesha gari.

Mimi hakunitaka, sikufichi. Kwetu ni Ushetu, mimi Msumbwa, na yeye alikwisha kumchagulia mwanawe msichana wa jirani. Siku niliyoletwa kwake nilimpa zawadi ya bonge la nta kutoka mizinga ya baba yangu, nta safi ya manjano, ukiinusa unasikia asali. Akaigeuzageuza mkononi. "Kwetu watu huleta ng'ombe," akasema, akairusha darini. Ng'ombe! Bibi harusi alete ng'ombe, wapi umesikia? Ningemjibu, ila mume wangu alinikanyaga mguu.

Miaka hiyo ya hamsini pamba ilikuwa imeshamiri, na Maganga alipata kazi ya udereva kwa Bwana Hasham, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba mjini. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, jipya, na Bwana Hasham alilipenda. Sisemi mimi kwamba alilipenda kuliko mkewe. Mkewe ndiye aliyekuwa akisema. Dereva aliyemtangulia Maganga alifukuzwa kwa mkwaruzo wa mwiba wa mgunga mlangoni, mkwaruzo mmoja tu, akatoka kwenye nyumba ya kiwanda na godoro lake kichwani. Nyumba hiyo hiyo ndiyo tuliyopewa sisi, na mimi nilikuwa na mimba kubwa. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nalizunguka lile gari na kulikagua kuliko nilivyojikagua mwenyewe kwenye kioo.

Siku moja Bwana Hasham alikuwa anarudi kwa ndege kutoka Nairobi, na Maganga alitakiwa kumpokea alasiri kwenye kiwanja cha Ibadakuli. Mji wa mama mkwe uko karibu kabisa na kiwanja hicho. "Tutoke asubuhi," mume wangu akasema, "tukamsalimie mama, tumngojee bwana huko huko." Tukafika gari limejaa vumbi. Hata hatujamaliza kuamkiana, "Mwangaluka, mayu, mwangaluka," jirani akaja mbio: ng'ombe wake amezama kwenye tope la lambo, wanaume wote waje wavute. Maganga akaenda. Mimi tumbo lilikuwa limenielemea, nikajilaza ndani, usingizi ukanichukua.

Basi sikia walichofanya. Mageni akalitazama lile gari la mwanawe, chafu, limesimama mbele ya nyumba yake, na watu wanapita njiani. Hilo hakuliweza. Akawaita wanawake wenzake, wafinyanzi kama yeye, wakaleta maji, wakaleta dodoki, wakaleta majivu ya jikoni yaliyochanganywa na mchanga kidogo, wakaliosha gari la Bwana Hasham namna walivyokuwa wakisugua sufuria zao siku zote. Walilisugua kwa wimbo. Mimi niliusikia wimbo huo usingizini nikauona mtamu, mjinga mimi.

Nilipotoka gari lilikuwa linakauka juani. Weusi ulikuwa umepotea. Lilikuwa la kijivu, na ukisogea unaona mikwaruzo myembamba, imezungukazunguka, juu ya boneti, juu ya paa, milangoni, kila mahali, kama utando wa buibui. Mageni alikuwa amesimama mikono kiunoni, amefurahi. "Sasa linafanana na gari la mtu mwenye mama," akaniambia.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika Songwa. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe wake. Maganga akatokea, tope mpaka magotini, akaliona gari, akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Hakugomba. "Mama," akasema, "umenifukuzisha kazi." Ndiyo siku ya kwanza nilipomwona Mageni anainamisha macho, na nikaona aibu kwamba nilifurahi.

Lakini yule, unadhani aliinama muda mrefu? Akaenda kwenye boneti, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mikwaruzo, polepole, jicho moja kalifumba. Akapitisha tena mlangoni.

"Ukucha haukwami," akasema. "Chungu chenye ufa, ukucha hukwama, na hicho unakivunja tu. Hapa haukwami. Ni ngozi ya juu imechubuka."

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia kwa uchungu.

"Mimi sizoi maji. Mimi mfinyanzi. Mchanga ndio uliochubua. Tutasugua kwa kitu kilicho laini kuliko mchanga, laini, laini kabisa, mpaka pasiwe na cha kuchubua."

Nyuma ya nyumba alikuwa na chungu alichokifunika kwa kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Ndani mlikuwa na udongo mweupe. Aliuvuruga kwa maji, akaacha chembe nzito zizame, akamimina yale maji meupe ya juu kwenye chungu kingine, akayaacha tena, akamimina tena. Kilichobaki mwishoni ukikisugua kati ya vidole hutahisi kitu chochote. Ndicho alichokuwa akivipaka vyungu vyake vya kuuza, akavisugua mpaka vikang'aa. Maganga alipoona unaletwa udongo alisimama akajitanda mbele ya gari. "Mama, tafadhali, usiliguse tena!" Mageni akamzunguka, akachuchumaa nyuma, chini kabisa karibu na bampa, mahali ambapo hata mbuzi hachungulii. "Nitajaribu hapa. Nikikosea hapa, hata huyo bwana wako hatapaona."

Akageuka kwangu. "Serafina, nenda barazani, kuna rundo la pamba ya shambani kwangu. Toa mbegu zote. Mbegu moja ikibaki ikakwaruza, utakuwa umemfukuzisha wewe, siyo mimi."

Unaona ulimi huo? Nilikaa chini nikachambua. Bwana Hasham alikuwa na mashine za kuchambulia. Mimi nilikuwa na kucha, na hasira. Kila bonge nilipolimaliza nililiminya, nikalipapasa, nikalirudia. Mageni akachovya pamba kwenye udongo, akatia samli kidogo, akaanza kusugua kwa viduara vidogo. Hakukandamiza. Akasugua, akasugua, akafuta kwa kitambaa cha maji. Pale chini pakawa peusi. Peusi tii! Maganga alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika mama yake miguu.

"Niache miguu, jua linakwenda," mama akamwambia. Akawaita wanawake wenzake, akawavua bangili na pete zote, akawaamuru waoshe mikono mpaka viwikoni. "Msikandamize! Udongo ndio unaofanya kazi, ninyi mnausindikiza tu." Walianza na paa, wakaja boneti, wakaja milango. Safari hii hakuimba mtu.

Tulipolifuta lote lilikuwa jeusi, mikwaruzo imekwenda zake, ila lilikuwa bado limepoa, halina uhai. Nikasema, bila kumtazama, "Kwetu mizinga ya zamani hupakwa nta ikang'aa." Mageni akanitazama mimi. Kisha akapanda darini mwenyewe, na uzee wake, akashuka na lile bonge langu, lina vumbi na masizi. Alikuwa hajalitupa. Tukaliyeyusha kwenye bakuli ndani ya maji ya moto, tukatia mafuta ya taa mbali na jiko, tukapaka kidogo kidogo kwa pamba na kusugua kwa kanga kuukuu. Jamani, lile gari liling'aa! Kuku alipita akajiona mlangoni, akataka kupigana.

Tumebakiza pembe ya nyuma, upande wa kushoto, karibu na taa, haijapata udongo wala nta. Na ndege ikalia juu. Imewahi, mama yangu, imewahi! Maganga akakimbilia maji ya kunawa miguu. Kabla hajavaa viatu Bwana Hasham alikuwa amekwisha kuliona gari lake kutoka kiwanjani, limezungukwa na wanawake, na alikuwa anakuja kwa miguu, begi mkononi, tai imepeperukia begani.

"Maganga! Gari langu linafanya nini hapa?" Akashika kitasa cha mlango. Kidole kikatoka cheupe. "Na hii ni nini?"

Maganga akapangusa kitasa kwa shati lake. Mageni akajitokeza, mikono yake udongo mpaka viwikoni.

"Mimi ni mama yake. Gari lako nimelikwaruza mimi kwa majivu, yeye hakuwepo. Na nimelitengeneza mimi kwa udongo. Lizunguke. Ukiona mkwaruzo mmoja, mfukuze mwanangu."

Mungu wangu! Bwana Hasham akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza na boneti, ameinama, analitazama kwa upande jua lilipokuwa linapiga. Mimi nilikuwa nyuma, nimeegemea ile pembe mbovu, tumbo mbele. Mkononi nilikuwa na pamba yenye udongo. Nikaupeleka mkono mgongoni, nikaanza kusugua bila kuona, viduara vidogo, sikandamizi, uso wangu umetulia kama niko misani. Mageni akaniona. Macho yetu yakakutana, akaelewa.

"Bwana mkubwa, usiwe na haraka," akamwambia Bwana Hasham. "Chungulia na chini ya madigadi. Hapo ndipo watu wanapodanganya." Na yeye kwa kuogopa kudanganywa akachuchumaa, akachungulia. "Na upande wa pili," Mageni akasema. "Na paani hujatazama." Akamzungusha yule tajiri kama mgeni sokoni, na mimi nasugua, nimefuta kwa pindo la kanga, nimepaka nta iliyobaki kwenye kanga kuukuu iliyokuwa begani, nasugua tena, bega linawaka moto, mtoto tumboni ananipiga mateke.

"Mama, sogea," Bwana Hasham akaniambia.

Nikasogea. Sikuthubutu kugeuka. Akainama. Akakaa ameinama. Kisha nikamwona anairudisha tai yake mahali pake, taratibu, anajitazama kwenye ile pembe.

"Siku niliyolinunua," akasema, "halikuwa hivi."

Vigelegele vilivyopigwa pale, hata rubani alikuja kutazama. Bwana Hasham akacheka, akasema mama wa dereva apande, apelekwe matembezi mjini. Mageni akanawa miguu, akapanda, akashusha kioo; mimi nikapanda nyuma. Tulipofika sokoni alimwambia mwanawe aende polepole. Wauza vyungu wenzake waliomzoea na mzigo kichwani wakasimama kumshangilia. Yeye akatoa mkono nje, akanionyesha mimi. "Mwoneni huyu!" akapaza sauti. "Nta ya kwao ndiyo inayong'aa hapa!"

Maganga aliendesha lile gari mpaka lilipouzwa, na nyumba hatukutoka.

Mtoto wangu alipozaliwa, Mageni alikuja mjini kwa miguu, anaongoza mtamba kwa kamba. Alimfunga mlangoni petu, akaingia, akampokea mjukuu mikononi.

"Kwetu watu huleta ng'ombe," akasema.