Kadzo na Swichi ya Ijumaa

Kwanza nimtoe Kadzo kwenye midomo ya watu. Walimwita mtu wa bara, wakamwita mchawi wa Kaloleni, na hali Kaloleni alikwenda kwa mazishi tu, akarudi na basi la jioni. Kadzo alizaliwa Buxton, katika nyumba za baraza la mji, akasoma huko huko, akajifunza taipu huko huko. Lakini ukiwa na jina la Kigiriama kwenye uchochoro wetu wa Mji wa Kale, watu wanakujua kabla hujafungua mdomo, na wanachokijua hawataki kusahihishwa.

Kabla hajaja kufanya kazi dukani kwa Valli alikuwa akiosha masufuria katika mkahawa wa shangazi yake Makadara, vidole vikichubuka kwa majivu na maji ya moto. Jioni alikuwa akijifunza kompyuta, wakati ambao wengi wetu tulidhani kompyuta ni televisheni isiyo na picha. Valli alikuwa na duka la kuchapisha kadi za harusi, na alikuwa amenunua mashine kuukuu kutoka ofisi moja ya meli iliyokuwa ikifungwa. Ilikaa miezi imefunikwa kitambaa cha meza, maana dukani hapakuwa na wa kuiwasha. Kadzo akaiwasha. Akapewa kiti mbele ya kioo cha mashine, na kiti kile ndicho kilichomtenga na masufuria. Hakuwa na kingine. Ukilielewa hilo, umeielewa habari yote.

Valli hakuwa mtu mbaya siku za kawaida. Siku za kawaida nani mbaya? Chai ikija alimtumia Kadzo kikombe, na alipotaka kumsifu mbele ya wateja alisema, "Huyu binti mkono wake mwepesi." Wateja waliona maua ya dhahabu yamezunguka majina ya watoto wao, wakatabasamu, wakaondoka.

Sasa sikiza mila ya uchochoro ule. Zamani, duka moja la vitambaa liliungua mchana wa Ijumaa, mwenyewe akiwa msikitini, kwa waya mbovu. Tangu hapo wenye maduka wote walikuwa na desturi moja: adhana ya Ijumaa ikianza, kila mtu huinua mkono ukutani na kushusha swichi kuu, stima yote izimike, ndipo afunge mlango. Ungewasikia, ta, ta, ta, kutoka mwanzo wa uchochoro hadi mwisho. Kadzo aliijua desturi hiyo. Kila Ijumaa aliizima mashine mapema, akatoka kukaa barazani na chakula chake mpaka wafungue tena.

Mwaka wa tisini na sita Valli akasikia kwamba duka la Digo Road limeweka programu mpya, ile iliyokuwa ikisifiwa mji mzima, yenye herufi nzuri zaidi. Moyo ukamwaka. Akaja Ijumaa asubuhi na disketi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Weka leo," akamwambia Kadzo. "Bi Shukri yuwaja alasiri kuangalia kadi ya binti yake. Nataka aone herufi mpya."

"Mzee, leo Ijumaa. Kazi hii ikianza haikatwi katikati. Tungoje kesho."

"Wewe weka."

"Basi leo swichi usiiguse. Kabla hujatoka niulize kwanza, mashine imefika wapi. Niulize tu."

"Haya, haya," Valli akasema, akaendelea kuhesabu bahasha.

Kadzo akaingiza disketi moja baada ya nyingine. Mashine ilikuwa ikiguna na kujikuna ndani. Adhana ilipoanza, programu ya zamani ilikuwa imekwisha bomolewa na mpya haijasimama. Kadzo alikuwa kaunta akimfungia mteja kadi. Akageuka, akamwona Valli amevaa kofia yake, funguo mkono mmoja, na mkono wa pili tayari uko juu ukutani.

"Mzee!"

Ta. Feni ikasimama, kioo kikafa. Valli aliutazama mkono wake, kisha akamtazama Kadzo, na Kadzo akaona kwamba ameelewa. Kisha akasema, "Toka nje, nachelewa."

Alasiri mashine ilipowashwa, kioo kilitoa mstari mmoja wa maandishi meupe kwenye weusi, basi. Bi Shukri alikuwa amekwisha fika, ameketi, buibui linanukia udi, anangoja kuona jina la binti yake. Na kadi zote zilikuwa humo ndani, za kwake na za wengine.

"Kumetokea nini?" akauliza.

Hapa ndipo Valli angeweza kusema maneno mawili tu: nilisahau. Mtu husahau, hakuna anayenyongwa kwa hilo. Lakini Bi Shukri alikuwa mteja mkubwa, na ukoo wake wote huchapisha pale. Valli akanyoosha kidole.

"Muulize huyu. N'limwachia mashine nzima, ameivunja."

Kadzo akafungua mdomo. Valli akamkatiza kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo ya njia tuliisikia: "Jumatatu isipoamka, usije tena. Rudi kwenye masufuria yenu!"

Alichagua neno hilo makusudi. Kadzo mwenyewe ndiye aliyewahi kumsimulia habari ya masufuria, siku moja ya chai.

Jumamosi alishinda mbele ya kioo, na Jumapili kanisa alilikosa. Valli alimwacha mtoto wa kaka yake, Zoher, mtu mzima mwenye mke, amlinde asiibe. Kadzo akatafuta disketi ya zamani ya kuamshia mashine, akaiingiza, na baada ya kuguna sana mashine ikafumbua jicho moja. Akachungulia ndani. Kadi zilikuwepo! Bi Shukri yupo, binti yake yupo, maua yote yapo. Kilichovunjika ni programu tu. Alicheka peke yake, Zoher akamshangaa.

Akaamua kuirudisha ile ya zamani. Lakini disketi zake zilikuwa zimekaa kabatini miaka, na hewa yetu ya chumvi haiachi kitu salama. Moja ilikuwa na kuvu, mashine ikaikataa, na bila hiyo kazi yote bure. Kadzo alikaa nayo mapajani, amechoka, analia bila sauti. Kisha akakisogeza kando kibati kinachofunika utando wa ndani wa disketi, akachovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia printa, akaanza kufuta ule utando mweusi, anauzungusha kwa ukucha, anafuta, anazungusha. Akaipuliza mpaka ikakauka. Mara ya kwanza mashine ikaikataa. Mara ya pili ikaikataa. Mara ya tatu ikaimeza.

Jumatatu Bi Shukri alikuta kadi ya binti yake iko mezani, wino ungali mbichi. Kadzo alisimama kando ya mashine, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, anangoja neno. Lolote. Hata ahsante ya kinafiki angeipokea.

Bi Shukri aliigeuza kadi, akamtazama Kadzo kuanzia miguuni.

"Ilikufa Ijumaa, leo i hai," akasema polepole. "Kama hakuiharibu yeye, mkono wake umejuaje pa kuishika? Hawa watu nawajua mimi. Wanakufunga, kisha wanakuja kukufungua uwashukuru."

Zoher, aliyekuwa ameketi na Kadzo siku mbili akiona kila pamba na kila disketi, alikohoa na kuinamia viatu vyake. Valli alinyamaza. Nilimwona toka ng'ambo ya njia alivyonyamaza: kwa raha, kama mtu aliyeletewa kiti. Kufika jioni uchochoro mzima ulikuwa na habari kwamba mashine ya Valli ililogwa na karani wake. Watu wenye akili zao, waliosikia ile ta kwa masikio yao wenyewe, waliyabeba maneno yale nyumbani kwa wake zao.

Wiki ile Valli akawa mpole. Chai ilirudi. "Mwonyeshe Zoher kila kitu," akamwambia Kadzo, "mambo ya dunia hayajulikani." Kadzo akadhani yamekwisha. Akamwonyesha Zoher kila kitu: maua yalipo, herufi zinavyokuzwa, disketi ya kuamshia ilipofichwa. Hata kuisafisha kwa spiriti alimfundisha.

Ijumaa, karibu na saa ya swala, Valli akamwita kaunta.

"Kadzo, mimi sina neno nawe. Lakini watu wasema, na kadi ya harusi ni kitu cha baraka. Hakitaki maneno. Zoher atakaa. Bas."

"Mzee, wewe wajua ni nani aliyezima."

"Nenda salama, binti," akasema Valli.

Kadzo akachukua mkoba wake. Barazani akainama kufunga kanda za viatu, na adhana ikaanza. Uchochoro ukaanza kujibu, ta, ta, ta, duka kwa duka, zikija upande wake. Akangoja ya Valli. Badala yake akasikia sauti ya Valli mle ndani, ya upole kabisa.

"Zoher! Mashine imefika wapi? Nizime au bado?"

"Bado kidogo, Ami."

Valli akangoja.